Baiskeli au Kasi ya Kadi

Chumba nilichopewa Kapkatet hakikuwa na kodi. Mwenye nyumba, mama aliyekuja zamani kutoka upande wa Kisii, aliuza chai na mandazi kwa mbele, na mimi nilikaa nyuma na godoro langu na kompyuta yangu ya michezo. Sharti lilikuwa moja: vijana wanaokuja kucheza wanunue chai yake. Wakiacha kuja, chumba kinakuwa stoo ya chakula cha ng'ombe. Nilikubali upesi. Tangu niache shule nilikuwa nimechuma chai, nimechaji simu za watu Ndanai, nimefanya kibarua kiwandani kwenye vitanda vya kunyaushia majani, na kote huko sikuwahi kufunga mlango nikasema huu ni wangu.

Kompyuta ilikuwa ya ofisi, mtumba, nikaiongezea kadi ndogo ya picha. Ilitosha mpaka toleo jipya la mchezo wa mpira lilipotoka. Hilo liliilemea. Mchezaji anakimbia, anaganda, halafu anatokea mbele ya goli bila mpira.

"Boss, nimepiga shuti," alisema kijana mmoja wa bodaboda, akaweka pedi ya kuchezea mezani. "Nipigie kesho uniambie kama iliingia."

Wenzake walicheka, na mimi nikacheka nao. Kesho yake hawakuja. Nikasikia wamehamia chumba kingine karibu na stendi. Mama alitoka na chai iliyobaki akaimwaga mtaroni mbele yangu, polepole, mpaka sufuria ikabaki tupu.

Nilifunga kompyuta kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli nikaenda Sosiot kwa fundi ninayemjua. Aliifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. Prosesa ya ofisi, alisema, imefungwa na walioitengeneza, haiongezeki kasi. Kadi ndiyo inaweza kukimbizwa kupita kiwango chake. Ni programu tu, hailipiwi, ila itakula umeme mwingi na itapata joto. Yeye alikuwa na kadi kubwa zaidi, iliyotumika, na pawa saplai ya kuilisha umeme.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Hiyo baiskeli."

"Na nirudi na nini?"

"Na kompyuta nzuri. Kwani unataka kwenda wapi kila siku, wewe?"

Kila mahali nilipochoka, au nilipochokwa, niliamka asubuhi nikapanda baiskeli hiyo nikaondoka. Kuiacha pale kwake ilikuwa kama kujifunga mguu kwenye kile chumba, na chumba chenyewe kilikuwa kinaniponyoka. Nikamwambia nitafikiri. Nikarudi nayo, kompyuta ikigongagonga nyuma yangu kwenye kila bonde.

Nilitazama video za watu wa nchi za mbali waliokimbiza kadi zao. Wana masanduku ya vioo na mabomba ya maji, na wote wanaogopa kitu kimoja: joto. Hapo nikapata matumaini ya kijinga. Joto, huku kwetu? Huku tunavaa jaketi mchana, na ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha. Niliona Mungu amenipa bure kitu ambacho wenzangu wananunua.

Nikaanza kupandisha kasi ya kadi kidogo kidogo. Joto lilipanda mpaka mashine ikazima. Nikatoa kifuniko, nikaisogeza dirishani, nikafungua dirisha lote kuelekea kwenye majani chai, hewa ipite chini yake kama inavyopita chini ya majani kiwandani. Joto likashuka. Nikacheza mechi nzima bila kuganda hata mara moja. Nilimpigia yule wa bodaboda, akasema Jumamosi atakuja na jeshi lake. Mama aliposikia, alitoa sufuria kubwa ya kupikia watu wa harusi.

Ijumaa usiku niliacha dirisha wazi ili mashine ipoe vizuri. Asubuhi bati la mashine lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kulikuwa na manyunyu. Vijana waliingia na majaketi yaliyolowa, wakajazana kwenye benchi, wakafunga dirisha kwa sababu ya baridi. Upande wa pili sufuria ilikuwa inachemka, na mvuke wote ulikuja kwetu kupitia tundu la ukutani ambalo Mama alipitishia vikombe vya chai.

"Boss, skrini yako inatoka jasho," mmoja alisema.

Niliifuta kwa mkono wa shati. Nilifuta skrini tu. Nikabonyeza swichi, pakalia kitu kama njiti ya kiberiti inayovunjika, harufu ikapanda, kisha hakuna kitu. Nilipoinama nikaona matone yamejipanga kwenye kadi kama umande.

Hakuna aliyenitania. Walikunywa chai wamesimama, wakaaga kwa adabu, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka matangani. Niliikausha mashine kando ya jiko. Feni ilizunguka, picha haikuja. Nilimpigia fundi, akasema kadi imekufa na pengine ubao mkuu wa kompyuta pia, na kwamba sasa hata baiskeli haiwezi kununua yote hayo.

"Imekataa?" Mama aliuliza mlangoni.

"Imekataa, Mama. Nipe mpaka Jumatatu."

"Jumatatu utafanya nini?"

Niliigeuza mashine upande wake wa pili kuelekea jiko. Yeye alisubiri muda mrefu kuliko nilivyostahili.

"Gari ya chakula cha ng'ombe imefika," akasema. "Nisaidie kushusha, mwanangu."

Nilibeba. Gunia la kwanza nililiweka pale benchi lilipokuwa, na mengine nikayapanga kuzunguka kona ya godoro langu, nikiacha nafasi ya mtu mmoja. Mama alitazama nafasi ile, akanitazama mimi.

"Hapana," alisema. "Panga mpaka ukutani."

Nikakunja godoro, nikapanga mpaka ukutani.