Vidole Viwili vya Ufito

Milango mia nne kwa zamu moja, kwa miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kuuona hata mmoja ukifunguliwa na mwenye nyumba. Jambo hilo ndilo lililokuwa likimla Kinyozi kidogo kidogo, kama mchwa anavyokula boriti huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Jina la Kinyozi halikutokana na nywele za mtu. Siku ya kwanza kushika randa katika karakana ya baba yake, akiwa na miaka tisa, aliuparua ubao mpaka ukabaki mwembamba kama karatasi. Baba yake, seremala asiyecheka ovyo, siku hiyo alicheka. "Huyu si seremala," alisema, "huyu ni kinyozi." Jina likaganda. Lakini huko ng'ambo, kwenye kiwanda cha milango, hakuna aliyelijua. Huko alikuwa namba iliyoshonwa kifuani, mtu wa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kungoja mashine igune, kisha kupitisha kiganja ukingoni na kusema, "Sawa."

Mambo mawili yalimfikia katika wiki moja. Meneja alimpa karatasi: awe msimamizi wa zamu, mkataba wa miaka mitano. "Ukitoka likizo ya mwisho wa mwaka uniletee sahihi," alimwambia. Siku tatu baadaye dada yake akapiga simu. Huyu dada, mdogo wake wa pekee, ndiye aliyeshika karakana baba yao alipofariki, na tangu utotoni aliitwa Kisiki, kwa sababu akishasimama mahali hasogei.

"Kaka, kazi zimenizidi kimo," alisema Kisiki. "Napima mimi, nakata mimi, napaka rangi mimi, kugombana na wateja mimi. Rudi tufanye wawili. Na kama huji, sema huji, nitafute mwenzangu. Ukija likizo nataka jibu. Lakini usinipe lile lako la 'tutaona'. Nimeona miaka ishirini, macho yamechoka."

Mkewe, ambaye ni muuguzi, hakuhitaji kubembelezwa. "Wagonjwa nitawapata popote," alimwambia huku akimimina chai. "Ukisema twende, utanikuta nimekalia begi."

Basi kikwazo kikabaki yeye mwenyewe, na hofu moja ambayo alimwambia mkewe tu: mikono. Aliyekuwa anaitwa nyumbani ni seremala, na yeye alijiona mbonyeza vitufe. Mtu anaweza kurudi kwa ndege. Mikono je, inarudi kwa njia gani?

Hapo ndipo alipobuni mtihani. Mlango wa mbele wa karakana ulikuwa umeoza chini. Akamwomba Kisiki amtumie upana wake, na kwa miezi miwili, kila baada ya zamu, akajibanza kwenye kona moja ya kiwanda aliyoruhusiwa, akautengeneza mlango mpya kwa msumeno, patasi na randa, bila kugusa kitufe. Mikono ilitoka malengelenge, ikalalamika, kisha ikanyamaza. Mlango ukafungwa kwa blanketi na kutangulia na meli ya mizigo.

"Ukikaa kwenye fremu, tunarudi," alimwambia mkewe. "Ukikataa, natia sahihi mkataba."

"Yaani maisha yetu umemkabidhi ubao?"

"Ubao hauna upendeleo."

"Wala akili," alisema mkewe. Lakini alipomsindikiza uwanja wa ndege alimshika shati kifuani akamnong'oneza, "Hakikisha unakaa."

Kinyozi aliteremka nyumbani. Kila kitu kilikuwa kimepungua kimo, ukuta wa uani, ngazi za barazani, hata mama yake, ambaye sasa kichwa chake kilimfika mwanawe kifuani. Mama alimpapasa uso kwa viganja vyote viwili kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Umenenepa vibaya," alisema, machozi yakimtiririka. "Karibu, mwanangu."

Majirani walikuja kumwona. Mmoja, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, aliuzunguka mzigo wa blanketi mara mbili. "Nikadhani televisheni," alisema. "Kumbe mtu kasafiri na mlango! Kuuleta kwa maseremala! Bwana, wewe ni wa kuipelekea mvua maji."

Siku mbili alikuwa mgeni, akila na kulala. Alfajiri ya siku ya tatu mama yake alisimama mlangoni mwa chumba. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Jembe hatuna." Akamtupia ufagio.

Kinyozi hakuwahi kufurahia ufagio namna ile. Alifagia karakana kuanzia kona ya ndani, na kila alipopiga ufagio harufu ya mbao iliamka na kumpanda puani, harufu kavu, tamu kidogo, ambayo kiwandani ilikuwa ikifyonzwa na mabomba kabla haijamfikia mtu. Meza ya kazi ilikuwa palepale, na juu yake, kwenye msumari wake wa zamani, ufito wa baba ulikuwa unaning'inia. Akaushusha.

Ufito ule ndio uliokuwa kipimo cha baba yao. Urefu wake ulikuwa upana wa mlango mmoja, na baba hakutaka kingine. Kinyozi, akiwa na miaka kumi, aliufanya upanga, akampiga nao adui ambaye kwa bahati mbaya alikuwa ukuta, na ncha ikakatika kiasi cha vidole viwili. Alingoja kipigo siku nzima. Jioni baba aliutazama ufito, akaweka vidole vyake viwili pale palipokatika. "Haujafa," alisema. "Umepungua tu. Kuanzia leo, anayepima kwa huu aongeze vidole viwili." Na tangu siku hiyo, katika karakana ile, kila mlango ulikuwa ufito mmoja na vidole viwili. Futi ya chuma ilikuwapo sandukuni, lakini kwa milango hakuna aliyeigusa.

"Umemaliza kuota?" Kisiki aliuliza nyuma yake. Alikuwa na penseli sikioni, na mabega mapana kumzidi yeye. "Leo tunautundika. Nimeshamwita na mama aje kushuhudia."

Mama aliletewa kiti, akakaa kivulini ukutani. Fundi viatu naye akavuka barabara bila kuitwa. Wakafungua bawaba za mlango mzee, wakaulaza chini kama mgonjwa. Kisha Kinyozi akafunua blanketi.

Kisiki alipiga magoti. Akapitisha kidole gumba kwenye viungo, akatafuta upenyo, hakuupata. Akaunusa.

"Umeufanya wewe?" aliuliza. "Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Kaka, muongo wewe." Alisema kwa furaha iliyomfanya Kinyozi atazame pembeni. "Haya, shika huko. Moja, mbili, inua!"

Wakauinua, wakauingiza kwenye fremu. Yaani walitaka kuuingiza. Upande mmoja uligota, na upande wa pili ukabaki nje ya fremu, ukitazama barabara. Wakautoa, wakaujaribu tena, wakauinamisha. Mlango ulikuwa mpana, na si kwa unywele. Ulizidi kwa vidole viwili kamili.

Kinyozi aliuegemeza mlango ukutani. Aliona karatasi ya meneja, na nafasi ya sahihi yake. Aliona mkewe amekalia begi.

"Basi," alisema polepole. "Mikono imekwisha."

"Mikono gani?" Kisiki alifoka. "Viungo vimekamatana kama meno, unaniambia mikono! Namba nilikutumia, uliisoma wapi, mawinguni?"

"Nimeifuata namba yako."

"Hukuifuata! Ungeifuata ungeingia."

"Ulinitumia picha ya ufito umelala mezani, na namba chini yake. Nikajua umepima ufito wenyewe, ulivyo."

"Nilipima ufito, kwa futi ya chuma."

"Kwa hiyo nikaongeza vidole viwili."

Penseli ikamdondoka Kisiki sikioni. "Uliongeza?"

"Anayepima kwa ufito si anaongeza?"

"Mimi niliongeza!" Kisiki alipiga kelele. "Niliongeza ndipo nikakutumia! Nani katika nyumba hii angetuma kipimo cha ufito bila kuongeza?"

Wakatazamana. Kilichofuata kilianzia kwa mama, kwenye kiti chake, kicheko chembamba kilichomtoka kama kilikuwa kimefungiwa miaka. "Baba yenu," alisema akijifuta macho kwa pembe ya nguo, "angewachapa nyote wawili kwa ufito huohuo. Halafu angeongeza viwili."

Fundi viatu alilazimika kushika nguzo. Kisiki alikaa chini kwenye takataka za mbao akicheka hadi akakohoa. Kinyozi alicheka pia, lakini katikati ya kicheko alitulia, akaitazama mikono yake. Miaka ishirini na miwili. Milango ambayo hata idadi yake haihesabiki, yote kwa kipimo cha mashine, na hakuna mkono uliomwambia ongeza. Lakini mara tu aliposhika penseli kwa ajili ya mlango huu, akiwa peke yake kwenye kona ya kiwanda, vidole viwili vilijilaza juu ya ubao kabla hajafikiri. Wenzake wote wa kiwandani wangefuata namba ile na mlango ungekaa. Kosa hili lilihitaji mtu aliyelelewa hapa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mkewe. Hakusalimu.

"Umekaa?"

"Haujakaa."

"Haya," alisema mkewe, sauti ikiwa chini. "Kama ndivyo tulivyokubaliana."

"Haujakaa kwa sababu mimi na Kisiki wote tuliongeza. Umezidi vidole viwili."

Mkewe alikuwa ameisikia hadithi ya ufito mara mia, na mara mia alikuwa ameicheka. Safari hii alipiga ukelele uliomfanya Kinyozi aitoe simu sikioni. "Sasa huo mtihani si umeupita?"

"Fungasha," alisema Kinyozi. "Karatasi ya meneja nitampelekea mwenyewe, nyeupe vilevile, nimuage. Wewe anza na vyombo."

Alipogeuka, Kisiki alikuwa amesimama, na alikuwa amesikia. Alivuta pua, akaenda kwenye meza ya kazi, akarudi na msumeno na randa ya baba, ile yenye mpini uliochakaa kwa kiganja cha mtu mwingine. Wakaulaza mlango juu ya meza. Wakachora mstari, kidole kimoja upande huu, kidole kimoja upande ule. Wakakata wakipokezana, kisha Kisiki akasogea kando.

"Haya, Kinyozi," alisema. "Nyoa."

Randa ikateleza. Maranda yakatoka marefu, membamba, yakijikunja na kumwangukia miguuni. Jua lilikuwa limefika kizingitini walipouinua tena, na safari hii mlango uliingia ukatulia. Wakakaza bawaba.

"Mama, fungua wewe," alisema Kisiki.

Mama akainuka kwenye kiti chake, akaweka kiganja juu ya mbao, akausukuma. Kinyozi alisimama barabarani, maranda yamemjaa kwenye nywele, akautazama ukifunguka.