Niliwajibu Wakwe "Kaburini!"

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Wala msimlaumu shetani, siku hiyo hakuwepo! Miezi minne jambo hili linanichekesha na kuniliza kwa zamu, leo nalitema.

Mimi ni mama mzima, nashona mapazia Gikondo, hapa Kigali, na nacheza gemu. Ndiyo, gemu! La wapiganaji wa zamani, wenye farasi na mapanga. Nililiweka kwenye simu nipumzishe macho na sindano, likanimeza.

Humo mlikuwa na kitendawili cha hazina kilichonitesa wiki tatu: "Chimba chumbani kwa mfalme kusiko na dirisha, anakolala na viatu." Nilichimba kila chumba cha ngome. Nikachimba jela, nikachimba hadi banda la farasi. Walinzi wamenichinja mara ngapi, sijui!

Wakati huo mdogo wangu Thierry alikuwa anachumbia. Mchumba ni Neema, binti wa Watanzania wanaoishi Busanza. Mama yetu alifariki Thierry akiwa na miaka sita, nikamlea mimi. Kwa hiyo harusini kiti cha mama kilikuwa changu, na jamani, nilikisubiri kuliko bwana harusi alivyomsubiri mkewe! Ilibaki siku ya posa tu, gusaba kama tunavyoiita hapa.

Tukaenda kwa kina Neema, hema limefungwa uani. Nimevaa mshanana, vazi letu la sherehe, wa zambarau, nimekaa mbele, simu nimeificha mapajani chini ya kitambaa. Wasemaji wa pande mbili wakaanza kutaniana kama ilivyo desturi. Mjomba wetu akasinzia, miguu kainyoosha. Shangazi Goreti akaninong'oneza, "Muone huyu, analala na viatu sawa maiti."

Mungu wangu! Maiti! Kumbe mfalme amezikwa! Vidole vikakimbia vyenyewe: kanisani, chini ya ngazi, jiwe la kaburi, chimba, chimba... sanduku hilo, linang'aa! Nilitaka kupiga vigelegele.

Hapo hapo msemaji wa kina Neema, mzee jirani yao, Mnyarwanda kama sisi, akatugeukia. "Sasa mutuambie, mahari iko wapi?"

Mnajua sisi Wanyarwanda tunavyochanganya r na l. Mtu akikuelekeza duka hapa atakuambia "mahari fulani", na wewe unaelewa ni mahali. Masikio yangu bado yalikuwa kwenye gemu, nikasikia naulizwa mahali pa hazina. Nikaruka, mkono juu: "Iko kaburini! Nimeipata!"

Na mimi kwa furaha nikainua simu waone. Kwenye kioo, mifupa ya mfalme!

Bibi yake Neema alisimama kama mwenye miaka ishirini. "Wanataka kumzika mjukuu wangu! Twendeni ndani!" Wakaingia wote, mlango ukafungwa, Thierry akabaki kwenye hema na soda mkononi.

"Dada, gemu?" akaniuliza. "Leo?"

Nilianza kucheka kwa aibu, nikashindwa kuacha, machozi yakaja yenyewe.

Msemaji wetu aliwabembeleza karibu saa nzima. Wakatoka na neno moja: binti watatoa, lakini mimi nisikae kiti cha mama. Thierry alinitazama, kisha akakubali. Angefanyaje? Kiti akapewa Goreti. Goreti, aliyetaja maiti kabla yangu!

Siku ya harusi nilikaa nyuma kabisa. Padri alipomwita mama wa bwana harusi aje ambariki mwanawe, miguu yangu ilisimama yenyewe. Goreti akapita. Nikajifanya ninarekebisha mshanana, nikakaa.

Wenzangu, mkienda kuposa simu ziacheni nyumbani, nawaomba! Gemu litakusubiri hata mwaka mzima. Mtoto uliyemlea anaoa siku moja.