Madoa ya Pongo

Nilipokuwa mtoto, nilijua kumtambua pongo kabla sijajua kuandika jina langu. Bibi mzaa baba ndiye aliyenifunza, maana pongo ni mwiko wa ukoo wetu wa Kihaya. Swala hutembea kwa makundi uwandani, huyo ruksa. Pongo hujificha peke yake vichakani karibu na maji, hubweka kama mbwa, na mapajani ana madoa meupe kama aliyerushiwa unga. Ukimla, madoa yanakuhamia.

Enzi zile za ujamaa tulikuwa tumehamia kijiji kimoja upande wa Busisi, tukaishi na Wasukuma ambao kwao pongo ni kitoweo tu. Siku moja, baada ya kazi ya shamba la kijiji, ulipikwa mchuzi wa wote. Mama, mimba ikiwa kubwa, alitangulia kupakuliwa. Mimi na Bibi tulikuja nyuma na ndoo za maji, tukapitia uani, na huko nikaona ngozi imewambwa chini. Nyekundu, yenye madoa.

"Bibi, pongo!" nilipiga kelele.

Mama alibaki na mfupa mkononi.

"Jamani, nyama tu hii, mbona mnashtuka?" mpishi akashangaa.

"Mama, mwiko si wangu mimi," Mama alimwambia Bibi. "Mimi nimeolewa tu kwenu."

"Kweli si wako, Mama Koku. Lakini huyo uliyembeba ni wetu."

Mama alitia vidole kooni, akatapika mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa amechelewa.

Mdogo wangu alizaliwa mwezi uliofuata. Mkunga alimfunua, kisha akamwinulia Mama amwone. Paja zima la kushoto lilikuwa na madoa meupe. Mama alipiga yowe. Nami nikajua Bibi atamkataa mtoto.

Bibi alimpokea, akamgeuzageuza, machozi yakimtoka. "Nani atasema huyu si wa kwetu?" akasema, akamfunga kwenye kanga yake mwenyewe.

Miaka mingi baadaye daktari alituambia ni alama za kuzaliwa, hazina uhusiano wowote na mchuzi. Nilimwamini, nami ni mtu wa shule. Lakini nilipopata ujauzito wangu wa kwanza, nilikaa miezi yote tisa bila kugusa nyama, na mume wangu hakujua kwa nini. Mama alijua. Kila Jumapili aliniletea samaki.