Maziwa Aliyoyakataa Rhobi

Binti yangu Rhobi alipokuwa chuo cha mifugo, likizo alikuja na bomba la sindano tupu. Machungwa yangu yote yalitobolewa. "Ngozi ya chungwa inazoesha mkono, mama," alisema. Mimi niliishia darasa la nne. Niliuliza tu kama ng'ombe hatampiga teke.

Akapangiwa mafunzo ya vitendo hapa hapa Butiama. Wafugaji wa upande wetu humtazama Mzee Mniko. Akimwita mtaalamu, nao wanamwita. Akimkataa, basi.

Ng'ombe wake mmoja alioza kwato, hasimami. Nilimsindikiza Rhobi, nikabaki nje ya zizi. Aliosha kwato, akachoma sindano, akasema, "Baba, maziwa yake msinywe mpaka wiki iishe. Dawa inapitia humo."

"Sawa, daktari."

Kesho yake tulimkuta ng'ombe amesimama. Mzee akafurahi, akamkamua yeye mwenyewe, akamletea Rhobi kibuyu. Kwetu aliyemtibu ng'ombe hunywa maziwa ya ng'ombe huyo.

"Haya ni ya yule wa jana, baba?"

"Si amepona? Dawa imeisha. Mgeni wangu haondokagi na koo kavu."

"Nitakunywa, baba, ila wiki ikiisha."

"Kwani nimekutilia sumu?"

Nilimkonyeza apige hata funda moja. Hakunitazama. Alirudisha kibuyu kwa mikono miwili. Mzee akanigeukia. "Mama Rhobi, ndicho ulichomsomeshea? Kukataa?"

Siku zilizofuata hakuna mfugaji aliyempigia simu. Rhobi alifua koti lake, akalianika, akalifua tena. Mimi nilitazama njia.

Jumapili, wiki ikiwa imekwisha, Mzee Mniko alimsimamisha Rhobi nje ya kanisa baada ya misa. Alikuwa na kibuyu kile kile.

"Haya, kataa tena."

"Shikamoo, baba. Yamekamuliwa lini?"

Watu wakacheka.

"Ananihoji na hapa! Asubuhi hii. Ya wiki nzima nimemwaga, mke wangu hata hanisemeshi."

"Chai ya rangi imetutoka puani," mkewe akasema.

Rhobi akapokea, akanywa. Nilimtazama koo mpaka akamaliza. Mzee akakitikisa kibuyu sikioni, akakiona kitupu kweli.

"Kesho uje mapema," akamwambia. "Nina ndama anaharisha. Na Makongoro huyu hapa naye ana ndama mgonjwa, anaona aibu kukuita."