Kitenge cha Matanga Yangu

Watoto wangu walinunua kitenge cha kuvaa kwenye matanga yangu nikiwa bado napumua. Wote watano, kitambaa kimoja, cha zambarau chenye maua meupe. Huku kwetu Masisi njo desturi: mtu akifa, familia yote inashona sare, ili wageni wajue nani amefiwa na nani amefuata nyama. Na desturi sina ugomvi. Ugomvi wangu ni haraka yao.

Nilikuwa nimelazwa hospitali kwa ajili ya mapafu. Daktari hakusema nitakufa. Alisema tu, "Mama iko mudhaifu." Hao wanangu waliosoma mpaka diploma wakasikia mudhaifu, wakaelewa maiti. Wakaitana kikao. Mbao za jeneza zikaagizwa Walikale, kwaya ikachaguliwa, na ng'ombe wangu akapangiwa kisu.

Ng'ombe wangu! Mimi pombe sinywi, safari sipendi, mume nilishazika. Starehe yangu ni moja: asubuhi nakamua mwenyewe, naketi mlangoni na kikombe cha maziwa ya moto, kiazi cha kuchoma na kipande cha fromaji, jibini yetu ya huku, natazama ukungu ukitoka kwenye vilima. Hiyo njo walitaka kuwapikia wageni. Wapumbavu!

Siku niliyoruhusiwa nilipanda pikipiki mpaka nyumbani bila kumwambia mtu. Nilikuta ng'ombe amefungwa nyuma ya jiko, kiwele kimejaa mpaka kinang'aa. Walikuwa wameacha kumkamua siku nne, eti anenepe haraka. Watoto wa Masisi, waliokua kwa maziwa, hawajui kwamba ng'ombe akiachwa hivyo anakauka!

"Mama, umerudi?" mwanangu mkubwa akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeharibiwa mpango.

"Ee, nimerudi. Pole sana."

Nikapiga magoti na mapafu yangu mabovu, nikakamua. Mwanzo yalitoka mabonge tu, na ng'ombe akanipiga teke. Nilirudia asubuhi na jioni, nikiogopa kuliko nilivyoogopa kule hospitali. Wiki ya pili nilipata nusu kikombe. Nililia, sioni haya kusema.

Halafu nikadai kile kitenge. Wakakileta wameinamisha vichwa. Aka! Kilikuwa kizuri, kizito, cha kweli. Hapo njo kiliniuma. Tangu nimekuwa mjane, hakuna hata mmoja wao aliyeninunulia leso. Nikiwa hai navaa matambara. Nikifa, wao wapendeze.

Nilipeleka vipande vyote kwa fundi. Akanishonea gauni la mikono mipana na kilemba, na kilichobaki nikafanya pazia. Jumapili nikavaa kwenda kanisani, nikaketi mbele kabisa.

Tulipotoka, binti yangu wa mwisho akanivuta pembeni. "Mama, watu wanakijua hiki kitenge cha matanga. Wanauliza nani amekufa."

"Uwaambie ni mimi, na nimeshiba fromaji."

Hakucheka. Akashika mkono wa gauni, akakipapasa kitambaa, akauliza polepole, "Sasa siku ile yenyewe, sisi tutavaa nini?"

"Muvae zile nguo munazovaa mukija kunitembelea."

Akaanza kuhesabu kwa vidole miezi tangu alipokuja mara ya mwisho. Vidole vikaisha, bado anatafuta kukumbuka ni zipi.