Siku Mume Wangu Alipomwita Kaka "Dogo"

Kaka yangu alikuwa na umri wa aina mbili, wa nyumbani na wa mpira. Wa nyumbani ulikwenda mbele kama wa watu wote. Wa mpira ulikuwa na breki. Kila alipohamia klabu nyingine alitupigia simu kutupa habari, na kila mara sauti ilikuwa nzito zaidi na miaka michache zaidi, mpaka mimi, mdogo wake ambaye yeye ndiye aliyeniachia ziwa, nikageuka kuwa dada yake mkubwa.

Kwenye ligi jambo hilo lina jina la adabu, wanaita kupunguza umri. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma, kupunguza ndiyo kazi yangu. Ukipunguza gauni, vipande vinabaki sakafuni na kila anayeingia anaviona. Kaka alidhani miaka aliyokata imeyeyuka.

Sitaki kumsingizia, mpira aliujua. Alikuwa winga mwenye mbio, na siku timu yake ikionyeshwa, kibanda umiza cha mtaani kwetu kilijaa mpaka watu wanachungulia madirishani. Mama alikuwa anakaa nyumbani na redio kwa sababu alisema akimwona mwanawe anakwatuliwa ataingia uwanjani. Sisi wengine tulishangilia, tukanyamaza kila mtangazaji alipomwita "kinda huyu". Kinda! Mtu anapaka piko kichwani kila mwezi na kunyoa ndevu asubuhi na jioni.

Mara ya kwanza kuona umri wa mpira kwa macho yangu ni likizo moja alipokuja na mchezaji mwenzake, kijana wa kweli, bado ana chunusi. Nilikuwa nimekaa uani nachambua sombe, kisamvu chetu. Kaka akaingia, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo dada."

Nilimtazama nikidhani anatania. Macho yake yalikuwa yananiomba. Basi nikaitikia marahaba, nikamwambia mdogo wangu umenenepa, hebu nenda dukani ukaniletee chumvi. Akaenda. Nitasema ukweli, nilifurahi sana siku ile. Utoto wangu wote nilitumwa mimi.

Mume wangu hakuuona ucheshi wa jambo hilo. Yeye ni mfanyabiashara wa dagaa kule Kibirizi, mtu wa sauti kubwa na ndevu nyingi, lakini mbele ya kaka yangu alikuwa mpole kama mgeni. Wamelingana tu umri, ila baba yetu alikuwa ameshafariki wakati wa posa yangu, na kaka ndiye aliyekaa pale mbele kuipokea. Tangu siku hiyo mume wangu humwamkia shikamoo shemeji, na kaka huitikia kwa kunyoosha shingo kidogo. Sijui kwa nini wanaume wanapenda sana mambo haya, lakini nyumbani kwetu hiyo shingo ilikuwa sehemu ya samani.

Kisha ratiba ikatoka, klabu ya kaka inakuja kucheza Kigoma.

Mama hakulala vizuri wiki ile. Alijua kwamba kazi yote ya mwanawe inaning'inia kwenye midomo ya mtaa. Mtu mmoja tu akimwamkia mbele ya wakubwa wa klabu, imekwisha. Akatukusanya uani, sisi na majirani wa karibu, akatufanyisha mazoezi. Kila mmoja apite mbele yake, ajifanye amekutana na kaka, na atoe salamu ya mtu anayemsalimia mdogo wake.

"Mambo?" tulisema kwa zamu.

"Tabasamu!" Mama alitukemea. "Mnamsalimia kama mnampa pole ya msiba."

Mume wangu alishindwa kabisa. Kila akifika mbele ya Mama ulimi ulikuwa unakimbilia shikamoo. Mama akamshika bega. "Mwana wanje, mwanangu, ukikosea wewe tumekufa. Mwite dogo. Sema, mambo vipi, dogo." Akaenda na neno hilo Kibirizi, nikasikia baadaye kwamba alikuwa akilirudia huku anapima dagaa, hadi wateja wakamuuliza dogo ni nani.

Siku ya mechi kaka alifunga bao. Timu ya kwetu ikalala, na nusu ya uwanja ilikuwa imekasirika na nusu inajisifu kwamba aliyetufunga ni wetu. Mechi ilipokwisha tukamsubiri nje karibu na basi lao, mimi, Mama, mume wangu, majirani, na binti yetu ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza. Meneja wa timu alikuwa pale. Mashabiki walikuwa wameinua simu wanarekodi. Kaka akatoka, jezi begani, anang'aa.

Mtaa wote ulifanya vizuri. Mambo, poa, safi, umecheza, hongera. Mama hata hakumkumbatia sana. Nikaanza kupumua. Ndipo mume wangu akasogea mbele na ile sauti yake ya sokoni.

"Mambo vipi, dogo!"

Hapo angenyamaza tungekuwa salama. Lakini alikuwa amefanya mazoezi siku nyingi, na salamu ilipopita bila tatizo akaona raha. Akampiga kaka kofi la utani kisogoni. Akawageukia wenye simu. "Huyu dogo nimemlea mimi! Nimembeba mgongoni huyu! Alikuwa akilia nampa andazi!"

Watu wakacheka. Meneja akacheka. Nikamwona kaka shingo inanyooka, nikajua tumekwisha.

"Nani umembeba?" alisema. "Wewe? Wewe uliyekuja kwetu kuposa na viatu vya kuazima? Umekaa mkekani unatetemeka, mimi ndiye niliyekwambia haya, binti tumekupa! Leo unaniita dogo?"

Hata muuza karanga akageuka. Meneja alimtazama binti yangu, ambaye siku hizo alikuwa ananikaribia kimo. Akanitazama mimi. Akamtazama kaka, na nikaona midomo yake inahesabu. Kwa umri wa mpira, siku alipopokea posa yangu kaka alikuwa darasa la tatu.

Ile video ilifika nyumbani kabla yetu. Jioni nchi nzima ilikuwa inacheka, na nisingekuwa ndugu ningecheka pia. Timu ya kwetu ikakata rufaa. Kaka alipoitwa alikiri yote, nadhani alikuwa amechoka kunyoa. Akafungiwa. Klabu yake ikapokwa pointi, na mwisho wa msimu ikashuka daraja.

Hapo ndipo mzaha ulipoisha kwangu. Yule kijana wa chunusi aliyekula ugali wetu alikosa timu, na hakuwa amemdanganya mtu. Na ubaya haukuishia huko. Kila kijana wa huku aliyekwenda kujaribiwa popote alikuwa anaulizwa kama huo umri wake ni wa kweli au ni wa Kigoma. Nilimkasirikia kaka. Alikuwa amekata nguo isiyo yake peke yake, na nilimwambia hivyo hivyo, usoni, mbele ya samaki wa migebuka aliopikiwa na Mama kumfariji. Aliendelea kuchambua miiba. Alikuwa amerudi na begi moja na mvi zake zote.

Kufungiwa kulikwisha, lakini hakuna klabu inayomtaka winga wa umri wake wa kweli. Akaanza kumsaidia mume wangu Kibirizi. Wawili hao hawakujua tena wasalimiane vipi. Shikamoo ilionekana kejeli, na dogo hakuna aliyethubutu. Wakawa wanakohoa. Asubuhi mmoja anakohoa, mwingine anakohoa, kazi inaanza.

Kitu pekee kaka alichokifanya kwa furaha ni kumfundisha binti yangu mpira, mchangani, kabla mitumbwi ya dagaa haijarudi. Sikujua kwamba mtoto anajua kiasi kile mpaka aliponipita uani na mpira, sufuria ya uji ikabaki inazunguka. Kwa hiyo tuliposikia timu ya wasichana ya vijana itachagua wachezaji kule Mwandiga, nyumba nzima ilichangamka. Sharti lilikuwa moja, na wote tulijua limetoka wapi. Kila msichana aje na mtu mzima wa familia atakayesimama mbele ya watu na kumshuhudia umri.

"Nakwenda na Mjomba," binti alisema.

"Mjomba yupi?" nikamuuliza, kana kwamba anao wengi.

"Huyu aliyenifundisha."

Nilikataa. Kaka naye alikataa, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tukakubaliana. Mtoto huyu alitaka mpira kuliko alivyowahi kutaka chochote, halafu aende pale na mtu ambaye nchi nzima inamjua kwa kudanganya umri? Binti akasema bila yeye haendi, akakaa chini na viatu vyake mkononi. Amerithi kichwa changu, sikuwa na la kufanya. Tukaenda watatu.

Aliyesimamia uandikishaji alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni. Alipomwona kaka akatoa macho, kisha tabasamu likamjaa.

"Aa! Si wewe wa ile video? Binti tumekupa!"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Binti yangu akaangalia chini. Nilitamani nimshike mkono turudi nyumbani.

"Wewe ndiye unakuja kumsemea mtoto umri?" kijana aliendelea, sasa kwa sauti ya kuwafurahisha watu. "Anza na wako kwanza. Leo una miaka mingapi?"

Nilimtazama kaka. Hakuwa amepaka piko, ndevu zilikuwa za siku mbili na nyeupe zilionekana. Aligeuka kutazama barabara, nikadhani ataondoka.

"Thelathini na sita," alisema.

Alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wasichana waliokuwa wanafunga kamba za viatu. "Nilikuwa mtu mzima siku huyu anazaliwa. Baba yake alikuwa ziwani. Mimi ndiye niliyempeleka mama yake hospitali, mimi ndiye niliyekaa nje mpaka nikasikia analia. Ningekuwa na ile miaka ya mpira, usiku ule ningekuwa mtoto nimelala, na leo nisingejua lolote. Ana miaka kumi na tano. Najua, nilikuwepo."

Hakuna aliyecheka. Kijana alijifuta mdomo, akamtazama binti yangu, akamwonyesha uwanja kwa kidole, naye akatimua mbio bila hata kutuaga. Kisha kijana yule akasimama sawasawa mbele ya kaka yangu.

"Shikamoo, mzee."

Nilimwona kaka anakunja uso kwa hilo neno mzee. Halafu shingo ikanyooka kidogo, kama zamani.

"Marahaba," alisema kaka yangu, na akageuka haraka kutazama uwanja ili nisimwone macho.