Mtungi Niliompelekea Shangazi Kurui

Safari hii niliifunga kwa sababu ya kikohozi. Shangazi Mwanaidi, aliyenilea, anapikia kuni huko Kurui, na moshi umemharibu kifua. Zahanati wamemwambia aachane nao. Kila nikimtajia gesi, anakata simu.

Asubuhi nilitoka Zegereni, Kibaha, ninakofanya kazi kiwandani, nimeufunga mtungi mdogo wa gesi kwenye kanga. Kwenye gari la Kisarawe abiria walikuwa wanabishana: mmoja anasema mkaa unamaliza misitu, mwingine anauliza maskini akapikie nini. Wakanigeuza shahidi. Jamani, hata mimi nilikuwa na ubishi wangu unaningoja!

Mchana, Kurui.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Hicho kidude kibaki hukohuko nje.” Akakohoa mpaka akashika ukuta.

Kumbe chanzo ni sinema. Kwenye kibanda cha video alitazama filamu ya Kizungu, na yule mtafsiri anayeongea juu ya sauti za waigizaji akasema gesi ya jikoni inafuta kumbukumbu.

“Shangazi, wale wanatia chumvi! Mzungu wa watu hakusema hivyo.”

“Kwani wewe Kizungu unakijua?”

Ninachokijua ni cha kiwandani tu.

Akaketi mkekani. “Zuhura hakuacha hata picha moja. Sura yake iko humu tu,” akagusa paji la uso. “Ikifutika, nitakuwa nimemzika mara ya pili.”

Zuhura alikuwa binti yake. Tulilala kitanda kimoja utoto wetu wote. Machozi yakanitoka. Njia nzima nilikuwa najipanga kumfundisha sayansi, mjinga mimi.

“Mimi ninamkumbuka,” nikasema. “Ana mwanya, akicheka anaziba mdomo. Ukisahau, niulize.”

“Na kovu lake?”

“Goti la kushoto. Alidondoka kwenye mkorosho.”

Akatoka, akauingiza mtungi ndani mwenyewe. “Haya, washa tuone.”

Chai ilichemka upesi. Akasema haina ladha, kisha akaongeza kikombe cha pili.

Jioni nilirudi Kibaha mikono mitupu, moyo mwepesi. Nimejifunza kwamba mtu anaposhikilia jambo la ajabu, kuna kitu anakilinda, na hicho ndicho cha kuulizia kwanza.

Jana kanipigia. “Zuhura alikuwa analalia ubavu gani?”

Nikashtuka. “Wa kulia, ananipiga mateke. Shangazi, umesahau?”

“Sijasahau. Nimebandika uji kwenye gesi, nikatamani kusikia mtu mwingine akimtaja.”